Sura ya Tano: Vibao vya Kujengea

Mzazi anayemfundisha mtoto wake nyumbani hununua vichezeo kwa wasiwasi kuliko wazazi wengine. Hana chekechea ya kumsaidia, kwa hiyo akiona dukani boksi lenye taa, nyimbo na herufi zinazojitamka zenyewe, huona amepata mwalimu wa pili. Ushauri wangu ni aliache hapo rafuni. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, kichezeo cha kumfaa ni kile kisichofanya lolote mpaka yeye akishike.

Mwaka 2016 mtafiti Anna Sosa, wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona nchini Marekani, alichapisha utafiti kuhusu wazazi 26 na watoto wao wa miezi 10 hadi 16 wakicheza majumbani mwao. Kichezeo kilipokuwa cha betri, chenye kuongea na kuimba, wazazi walisema maneno machache kuliko walipocheza kwa vitabu au kwa vichezeo visivyo na sauti. Walinyamaza kukipisha kifaa. Idadi ya washiriki ni ndogo, lakini ukikaa jioni moja na mtoto na kifaa cha aina hiyo utaliona jambo lenyewe. Na mtoto wa umri huo hujifunza kusema kwa kujibiwa. Kifaa hakijui ameuliza nini.

Kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, chongesha vibao vya kujengea. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua taasisi yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, aliwapa watoto mchemraba uliogawanyika katika michemraba midogo 8. Caroline Pratt, mwalimu wa Kimarekani aliyejua useremala na aliyeanzisha shule jijini New York mwaka 1914, ndiye aliyetupatia vipimo vinavyotumika hadi leo: unene wa kibao ni nusu ya upana wake, na upana ni nusu ya urefu. Vibao vingine ni nusu ya hicho, au mara 2 yake, au mara 4. Hapo ndipo hesabu ilipo. Mtoto wa miaka 3 akikosa kibao kirefu cha kumalizia ukuta, huweka vifupi viwili, ukuta ukalingana. Hakuna aliyemtajia sehemu wala uwiano, ila mikono yake imeshavijua, na miaka kadhaa baadaye atakapokutana na nusu na robo kwenye daftari hatakuwa mgeni.

Seremala yeyote wa mtaani anaiweza kazi hii. Mpe vipimo: unene sentimita 3.5, upana 7, urefu 14. Aongeze vya urefu wa 7, vya 28 na vichache vya 56. Vibao 40 vinatosha kuanzia. Mwambie apige msasa mpaka kingo zote ziwe laini, na asipake rangi wala vanishi, kwa sababu rangi nyingine zina risasi na mtoto mdogo huonja kila kitu. Vipande vinavyobaki karakanani vinafaa, mradi visiwe vya mbao zilizowekwa dawa ya mchwa. Uliza kabla hajashika msumeno. Na asipunguze unene. Kipimo cha kimataifa cha kutambua kitu kinachoweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3 ni mcheduara wenye kipenyo cha milimita 31.7, na kibao chenye unene wa sentimita 3.5 hakiingii humo.

Komwe za bao huingia bila shida. Kaka zake wakimaliza kucheza barazani, zihesabiwe na kufichwa. Hatari kubwa zaidi ni betri zile za duara, bapa kama sarafu, zilizomo ndani ya vichezeo vya kuimba na hata rimoti: ikikwama kooni, betri moja huweza kuunguza nyama ya ndani kwa saa 2 tu. Kifuniko kisichofungwa kwa skrubu kinatosha kukufanya ukikatae kifaa chenyewe.

Usitarajie nyumba siku ya kwanza. Mwalimu Harriet Johnson, aliyeandika kuhusu ujenzi wa watoto mwaka 1933, aliona kwamba mwanzoni mtoto huvibeba tu vibao huku na huko. Baadaye huvipanga mstari au kuvirundika, kisha huja daraja, kisha ua uliozungukwa pande zote, na mwishoni kabisa jengo hupewa jina: hii ni stendi, hii ni bandari. Mzazi mwenye haraka hujenga yeye daraja ili aoneshe mfano, na mtoto huacha kutafuta. Ni bora ukae karibu na kutaja unachokiona: umeweka kirefu juu ya vifupi, hakikuanguka.

Wala usimwage kila kitu sakafuni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo walieleza mwaka 2018 kwamba watoto wadogo waliopewa vichezeo 4 walicheza na kila kimoja kwa muda mrefu na kwa namna nyingi zaidi kuliko walipopewa 16. Acha vibao, mwanasesere wa kitambaa, vikombe vya kumiminia maji na kitabu kimoja cha picha. Vingine vifunge kwenye gunia juu ya kabati, uvibadilishe pale unapoona mtoto anavipita bila kuviangalia.