Jua kali na mwili wa mgeni



Katika Australia, mbali na miji ya pwani, kuna nchi kubwa yenye udongo mwekundu na watu wachache. Kule Pilbara, upande wa magharibi, mawe mengine yana umri wa miaka zaidi ya milioni 3,000. Kwa hiyo wanafunzi wa jeolojia huenda kule na nyundo, dira na ramani, wakitembea kutwa kupima matabaka ya mawe.

Lakini jua la kule halina huruma. Katika Marble Bar, mji mdogo wa Pilbara, joto lilifika digrii 37.8 au kupita, siku 160 mfululizo, tangu Oktoba 1923 mpaka Aprili 1924.

Je, nani yuko katika hatari zaidi? Mara nyingi ni yule kijana mwenye nguvu aliyefika jana. Mwili hujipoza kwa jasho. Mwili wa mgeni haujajifunza bado: jasho linachelewa kutoka, na chumvi nyingi inapotea. Unahitaji siku 7 mpaka 14 kuzoea. Basi siku ya kwanza afanye kazi kidogo, kisha aongeze polepole. Aliyetoka likizo ndefu naye ni mgeni tena.

Mwanafunzi ashike mambo matatu:

1. Anywe kikombe cha maji kila dakika 15 au 20, asingoje kiu.

2. Asitembee peke yake. Aache kambini habari ya njia yake na saa ya kurudi.

3. Motokari ikiharibika, abaki karibu nayo kivulini. Wanaomtafuta wataona motokari kabla ya kuona mtu.

Kichwa kikiuma, kizunguzungu kikimshika, apumzike kivulini na kunywa maji. Lakini akisema ovyo au akizimia, na mwili ni moto sana, hiyo ni hatari ya kifo, hata kama jasho bado linatoka. Iteni msaada palepale. Mwondoeni juani, mpunguzeni nguo, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea. Asiyejitambua msimnyweshe kitu.

Na kwetu, katika machimbo ya wazi na karibu na tanuru, mwili wa mtu ni ule ule. Kijana mpya wa ekipe akisema, "Shefu, kichwa kinazunguka," msimcheke. Mpelekeni kivulini kwanza.