Majani ya Mlimani na Homa za Mbu: Utafiti Umegundua Nini, na Sisi Tufanye Nini?



 

Kila zinapoanza mvua za masika, suala la aina moja hutufikia kutoka Unguja na Pemba. Mzazi huuliza: "Sheikh, nimeletewa majani makavu kutoka bara, ya mlimani. Wanasema yanatibu malaria, na kwamba hata dawa za hospitali zinatokana nayo. Je, inatosha kumnywesha mtoto nikaacha vidonge?"

Wanazuoni wetu wana kanuni kwamba hukumu ya kitu hufuata baada ya kukielewa kitu chenyewe. Basi tutaanza kwa kueleza utafiti wa mimea hii umefikia wapi, kisha tutarudi kwenye hukumu.

Gome kutoka milima ya Andes

Dawa ya kwanza ya malaria iliyoenea duniani ilitoka mlimani. Ni gome la mti wa sinkona, unaoota katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini, katika nchi kama Peru, Ecuador na Bolivia. Katika karne ya 17 mapadri wa Kijesuiti walilipeleka Ulaya, na likawa linasagwa na kunywewa na wenye homa ya vipindi.

Tatizo lilikuwa moja: wapo waliopona na wapo ambao halikuwasaidia kitu. Miti ya sinkona ni ya aina nyingi, na nguvu ya gome la mti huu si sawa na ya mti ule. Anayesaga gome hakuwa na njia ya kujua ameweka dawa kiasi gani kwenye kikombe. Jambo hilo lilibadilika mwaka 1820, pale wataalamu wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, walipokitenga kile kitu chenyewe kinachotibu, nacho ni kwinini. Tangu hapo mgonjwa aliweza kupewa dawa kwa kipimo kinachojulikana.

Na tuzingatie kwamba wakati huo hakuna aliyekuwa anajua malaria inatoka wapi. Vimelea vyake vilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1880, pale daktari Mfaransa Laveran alipochunguza damu ya wagonjwa huko Constantine, Algeria. Na mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, aliviona vimelea hivyo ndani ya mbu. Allah aliiweka dawa mlimani, na watu wakaitumia, kabla hawajaujua ugonjwa wenyewe.

Mti huu si mgeni kwetu. Wajerumani waliupanda katika milima ya Usambara, kwenye kituo cha utafiti cha Amani kilichoanzishwa mwaka 1902. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia ya bahari, walitegemea magome ya huko kupata kwinini.

Jani kutoka China

Dawa ya pili ndiyo inayoulizwa zaidi leo. Ni mmea wa artemisia, ambao Wachina wameutumia tangu kale. Mwaka 1967, China ilianzisha mradi mkubwa wa kutafuta dawa mpya ya malaria, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeshazoea dawa zilizokuwepo. Mwaka 1969 akakabidhiwa kazi hiyo mtafiti wa kike aitwaye Tu Youyou.

Yeye na wenzake walikusanya maelekezo zaidi ya 2,000 ya tiba za kale. Walipoijaribu artemisia, mara ilifanya kazi, mara haikufanya. Hatimaye akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akaona kwamba yeye aliagiza majani yaloweshwe kwenye maji na kukamuliwa, wala hakutaja kuyachemsha. Akatambua kuwa huenda moto ndio unaoharibu dawa. Akaitoa kwa joto dogo, na mwaka 1971 dawa ile ikasafisha vimelea vyote katika wanyama wa majaribio. Kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake wakainywa wenyewe ili kuhakikisha haina madhara. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Waligundua pia kwamba dawa imo kwenye majani, na si kwenye sehemu nyengine za mmea. Kwamba majani yavunwe kabla ya maua. Na kwamba mmea wa sehemu moja ya China unaweza kuwa na dawa nyingi kuliko wa sehemu nyengine. Leo artemisia inalimwa katika milima ya Wuling huko China, na imelimwa pia Afrika Mashariki katika nyanda za juu, kama Arusha na Kabale.

Kutokana na jani hili ndipo zikatengenezwa dawa mseto tunazopewa hospitali. Zanzibar ilianza kuzitumia mwaka 2003, ikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo Afrika. Pamoja na vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani, vipimo vya jamii vikaja kuonesha malaria imeshuka hadi chini ya mtu mmoja katika kila watu 100. Wazee wetu wanakumbuka wodi za watoto zilivyokuwa kabla ya hapo.

Ua la kumfukuza mbu

Mmea wa tatu hautibu mgonjwa bali humuua mbu. Ni pareto, ua jeupe linalolimwa katika nyanda za juu za Iringa na Mbeya, na Kenya pia. Ndani ya ua mna sumu inayompooza mdudu kwa haraka. Lakini sumu hiyo huharibika upesi inapopigwa na jua, kwa hiyo wataalamu waliiga muundo wake wakatengeneza dawa zinazodumu. Dawa iliyomo kwenye vyandarua vyetu ni ya ukoo huo. Kwa hiyo anayelala ndani ya chandarua chenye dawa analindwa na elimu iliyotoka kwenye ua la mlimani.

Kwa nini basi chai ya majani haitoshi?

Hapa ndipo watu wanapoteleza. Husema: "Ikiwa dawa ya hospitali imetoka kwenye jani, basi jani lenyewe ni bora zaidi." Utafiti haukuonesha hivyo.

Watafiti waliwahi kupima chai iliyotengenezwa kwa gramu 9 za majani katika lita moja ya maji. Wakakuta dawa iliyomo ni miligramu 94 hivi, yaani karibu moja ya tano ya kipimo cha kawaida cha siku. Na hayo yalikuwa majani yenye dawa nyingi. Katika majaribio yaliyofanywa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kuchapishwa mwaka 2004, baada ya siku 7 waliopona kwa majani walikuwa asilimia 74, na waliopona kwa kwinini asilimia 91. Kisha wengi wa wale waliokunywa majani, vimelea vikawarudia.

Sababu yake ni nyepesi kuifahamu. Dawa ya artemisia hufanya kazi kwa haraka na hutoka mwilini kwa haraka, ndani ya saa chache tu. Vimelea vichache vinavyobaki hupata nafasi ya kuzaana upya. Ndiyo maana hospitali huichanganya na dawa nyengine inayokaa mwilini muda mrefu imalizie kazi, na ndiyo maana ikaitwa dawa mseto. Chai haina huyo mwenziwe wa kumalizia.

Na lipo dhara la pili, linalompata asiyekunywa chai hiyo. Vimelea vinavyoonja dawa kidogo bila ya kufa hujifunza kuivumilia. Usugu wa namna hiyo ulionekana kwanza Cambodia, kisha ukathibitishwa Rwanda na Uganda, na sasa umekutwa Kagera. Kwa sababu hizi, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2019 kwamba haliungi mkono kutibu malaria kwa chai au unga wa artemisia.

Si kila homa ni malaria

Mbu wetu hawaleti ugonjwa mmoja. Yupo wa malaria, anayeuma usiku. Yupo mwengine mwenye madoa meupe, anayeuma mchana, na huyu huleta dengi na chikungunya. Dengi si ngeni visiwani: daktari James Christie, aliyekuwa Unguja, aliandika habari za mlipuko wa mwaka 1870, na wazee waliiita kidinga pepo. Nayo chikungunya ilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika nyanda za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952, na jina lake ni la Kimakonde lenye maana ya kujikunja kwa maumivu.

Magonjwa haya mawili huletwa na virusi, na wala dawa ya malaria, ya jani au ya kidonge, haiyatibu. Mwenye dengi akipewa aspirini au ibuprofen anaweza kuzidi kutoka damu. Kwa mkono juu ya paji la uso huwezi kujua homa hii ni ipi. Kipimo cha tone la damu ndicho kinachojua.

Hukumu yake

Tunasema haya tukiwa na la kujutia. Miaka iliyopita, katika darsa, tuliyasifu majani haya kwamba ni neema ya Allah, tukaishia hapo. Mama mmoja katika waliotusikiliza akampata mwanawe na homa, akamnywesha majani siku tatu. Siku ya kwanza homa ilishuka, akashukuru. Usiku wa tatu mtoto akapata degedege. Nyumbani wakaanza kutafuta mtu wa kumsomea. Bibi yake ndiye aliyesema apelekwe hospitali kwanza. Akakutwa na malaria kali, akapigwa sindano ya artesunate. Sindano hiyo imetokana na jani lile lile alilokuwa akinyweshwa. Alhamdulillah, mtoto yu hai na anasoma. Lakini sisi tulijifunza kutosema nusu ya maneno.

Nusu iliyobaki tunaipata katika Hadithi ya Jabir (R.A.) aliyoipokea Imam Muslim. Humo Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila ugonjwa una dawa, na kwamba mgonjwa hupona kwa idhini ya Allah pale dawa inapouafiki ugonjwa. Imam Ibn al-Qayyim, katika Zad al-Ma'ad, ameeleza kwamba kuafiki huko ni pamoja na kipimo: dawa ikizidi huleta maradhi mengine, na ikipungua haiponyeshi. Hayo yaliandikwa karne ya 8 Hijria, na ndiyo hayo hayo yaliyodhihiri kwenye gome la sinkona na jani la artemisia.

Kwa msingi huo tunajibu kama ifuatavyo:

1. Mimea asili yake ni halali, maadamu haina madhara wala haileweshi. Kuitafiti na kuilima kwa ajili ya tiba ni jambo jema.

2. Kumtibu mtoto mwenye homa kwa majani peke yake, na hali kipimo na dawa iliyothibiti vinapatikana, haifai. Katika Suratul Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi. Na mtoto ni amana, hana uwezo wa kujichagulia. Wapo mafaqihi waliosema kwamba tiba huwa wajibu pale inapojulikana kuponya na kuiacha kukakhofiwa mauti.

3. Mwenye kuuza majani na kuahidi kuwa yanaponya malaria, bila ya elimu wala kipimo, anabeba dhamana. Imekuja katika Hadithi aliyoipokea Abu Dawud kwamba anayejitia utabibu na hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara yanayotokea.

4. Kwenda hospitali hakuondoi tawakkul. Na kisomo ni haki, hatukikatazi. Lakini mtoto asomewe njiani akipelekwa hospitali, asicheleweshwe nyumbani kwa ajili yake.

Nasaha kwa familia

Homa ikimshika mtoto, apimwe siku hiyo hiyo au siku ya pili, hasa ikiwa amesafiri bara hivi karibuni. Mwenye degedege, anayetapika kila kitu, asiyeamka vizuri, au anayetoka damu, apelekwe haraka bila ya kungoja asubuhi.

Dawa mseto ikitolewa imalizwe siku zote 3, hata mtoto akiwa ameshaanza kucheza. Vidonge vilivyobaki havifai kuwekewa homa ya mwakani. Na mtu mzima akipatwa na malaria katika Ramadhani, ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadae. Asiruke dozi kwa ajili ya saumu.

Kama majani yameshatumika, mwambieni daktari bila ya aibu, ajue mgonjwa alipewa nini na kwa siku ngapi.

Nyumba nzima walale ndani ya chandarua. Vifuu, tairi mbovu na makopo yanayokaa maji vigeuzwe au viondoshwe, na madumu na matangi yafunikwe kila siku, kwa sababu mbu wa dengi huzaliana humo, pembeni mwa mlango wetu.

Na mzazi aliyetuletea suala hili tunamwambia: hospitali haikulidharau jani lako. Imelichukua, ikalipima, ikalitafutia mwenzake, ikakurejeshea likiwa dawa. Mpelekee mwanao hilo lililopimwa.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu na awahifadhi watoto wetu. Wallahu a'lam.