Programu Zinazosaka Kanuni

Pendulamu ya fimbo mbili, moja ikining'inia kwenye ncha ya nyingine, haitabiriki kwa macho: hubembea, hupinduka, hugeuza njia ghafla. Mwaka 2009, Michael Schmidt na Hod Lipson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliunasa mwendo wake kwa kamera, kisha wakaipa kompyuta vipimo vya pembe na kasi. Fizikia hawakuifundisha hata chembe.

Programu yao ilianza kwa kubahatisha milinganyo. Kila mlinganyo ulipimwa dhidi ya data; uliokosea sana ulitupwa, na vipande vya iliyokaribia vikachanganywa kuzaa mipya, kizazi baada ya kizazi, kama mfugaji anavyochagua mbegu. Baada ya saa 30 hadi 40, ikatoa mlinganyo wa nishati ya mfumo ule.

Kazi ngumu haikuwa kupata mlinganyo unaolingana na data. Ukiiagiza kompyuta itafute kiasi kisichobadilika pendulamu inapobembea, upesi itakuletea hiki: mraba wa sini ya pembe ukijumlishwa na mraba wa kosini yake ni 1. Ni kweli, ila ingekuwa kweli hata kama pendulamu isingekuwepo. Kwa hiyo watafiti waliweka sharti: mlinganyo ukubaliwe tu ukiweza kutabiri jinsi kigeu kimoja kinavyobadilika kingine kinapobadilika. Hapo porojo za kihesabu zikachujwa.

Mtego wa pili ni urefu. Kila kipimo kina kasoro ndogondogo, na mlinganyo mrefu vya kutosha unaweza kuzifuata zote, halafu ukashindwa kwenye data mpya. Ndiyo maana programu kama Eureqa, iliyotokana na utafiti huo, na PySR ya Miles Cranmer, inayopatikana bure, hutoa orodha: kuanzia mlinganyo mfupi wenye makosa kiasi hadi mrefu wenye usahihi zaidi. Mtafiti hutazama ni wapi usahihi unapanda ghafla kwa kuongeza kipengele kimoja tu.

Hata hivyo, kuona mpangilio si kujua sababu. Johannes Kepler aligundua mwaka 1618 kwamba mraba wa muda wa sayari kulizunguka jua huwiana na mchemraba wa umbali wake wa wastani kutoka kwa jua. Sababu, yaani nguvu ya uvutano, ilisubiri kitabu cha Newton cha 1687. Programu hizi zimeifupisha kazi ya Kepler. Ile ya Newton bado ipo mikononi mwa mtafiti.