TUNDU LILILO UKUTANI: JINSI YA KUPATA INTANETI YA WAYA NYUMBANI

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi kwetu tuliusadiki usemi huo baada ya kulipia intaneti miezi minne bila kuifaidi. Nakusimulia kisa chetu na funzo lake, kwani huenda hata kwenu lipo tundu ukutani mlilolificha nyuma ya kabati.

Tunaishi katika nyumba ya kupanga jijini Nairobi, iliyojengwa kwa mawe ya Ndarugo, kuta nene kwelikweli. Ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, iko kando ya mlango. Chumba cha dada yangu kiko mwisho kabisa, kuta tatu kutoka hapo. Mawimbi ya waifai hudhoofika kila yanapopenya ukuta, na kwa dada yalifika hoi. Siku ya mahojiano yake ya kazi kwa video, sauti ilikatika mara tatu, kisha picha ikaganda. Waliomhoji wakamshukuru, basi. Dada alilia sana. Baba naye akaongeza pesa ili tupewe kasi maradufu. Wapi! Ukipanua barabara kuu na kichochoro cha kwako kibaki kile kile, je, utafika mapema?

Ama kweli ni ajabu. Mwaka wa 2009 waya wa TEAMS ulilazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, Milki za Kiarabu, hadi Mombasa. Ujumbe unaweza kuvuka bahari nzima kwa waya kama huo, halafu ukashindwa na hatua 15 za mwisho ndani ya nyumba!

Siku moja nikifagia chumba cha dada, niliona tundu la mraba karibu na sakafu. Nikachomeka waya kutoka kwenye kipakatalishi chake. Kimya. Ndipo nilipojifunza jambo la kwanza: tundu la ukutani halina intaneti yake lenyewe. Ni mdomo tu wa waya. Usiulize tundu lina nini, uliza waya wake unaishia wapi.

Wetu ulikuwa unaishia katika kijikabati karibu na mlango. Nilipoinama na kukifungua, lo! Nyaya tano za buluu zilining'inia kama mikia ya panya, hazikuunganishwa na chochote. Aliyejenga alizipitisha ukutani, ila hakuna aliyewahi kuzimalizia.

Haya basi, fuata hatua hizi.

Kwanza, mwombe mwenye nyumba ruhusa. Kisha hakikisha tundu ni la mtandao. La simu ni dogo zaidi na pini zake ni chache. Soketi za stima usiziguse kabisa, hizo mwachie fundi.

Pili, tafuta mwisho wa kila waya, uutie plagi na kuuandika jina la chumba chake. Kazi hii huhitaji koleo maalumu ya kubania plagi na kipimo cha waya. Ukiwa huna, muazime fundi.

Tatu, unganisha waya huo na mojawapo ya matundu ya ruta yanayotoa intaneti. Lile moja linalopokea kutoka nje liache lilivyo. Kama vyumba ni vingi kuliko matundu ya ruta, nunua swichi, kisanduku kinachogawa tundu moja kuwa mengi. Waya mmoja hutoka kwenye ruta hadi kwenye swichi, na kutoka hapo kila chumba hupata wake.

Nne, huko chumbani, chomeka waya mfupi kutoka ukutani hadi kwenye tarakilishi. Kataili kijitaa kando ya tundu la mashine. Kikiwaka, waya umeshikana.

Changu hakikuwaka! Kosa lilikuwa langu. Ndani ya waya huo mna nyaya 8 nyembamba, zimesokotwa mbili mbili, jozi 4. Mimi nilizipanga kwa akili yangu, kila rangi na mwenzake. Kaka mmoja jirani aliyesomea uhandisi aliangalia akacheka. Alinieleza kuwa mpangilio unaotumika sana ni huu: machungwa na nyeupe, machungwa, kijani na nyeupe, buluu, buluu na nyeupe, kijani, kahawia na nyeupe, kahawia. Umeona? Jozi ya kijani imeiruka ya buluu, ikaiweka katikati. Upande wa ukutani ulikuwa umefuata utaratibu huo, wangu haukuufuata, kwa hivyo ujumbe ulikuwa ukifika mlango usio wake. Pia alinionya nisizisokotoe nyaya zaidi ya kiasi kinachohitajika, kwa maana ule msokoto ndio unaozuia kelele za umeme kuharibu ujumbe.

Nikaikata plagi, nikaanza upya. Haraka haraka haina baraka! Mara hii kijitaa kikawaka kijani, na dada akapiga kigelegele.

Mambo mawili zaidi. Waya mmoja usizidi mita 100, lakini nyumbani hilo si tatizo. Pili, ununuapo waya, hakikisha ni wa shaba tupu. Upo wa alumini uliopakwa shaba, bei yake ni rahisi lakini huvunjika upesi.

Sikuambii waifai haina maana. Simu zetu bado huitumia. Lakini mashine isiyohama, na kazi isiyotaka kukatika, zipe waya. Na kabla hujaongeza malipo, pima kasi kwa waya ukiwa kando ya ruta. Ikiwa hapo ni nzuri na chumbani ni mbaya, ugonjwa uko ndani ya nyumba, na pesa hazitautibu.

Ile kazi ya kwanza haikurudi. Juzi dada alihojiwa kwingine, saa nzima, na hakukatika hata mara moja. Majibu bado tunayangoja. Lakini wakimkataa, msomaji, haitakuwa kwa sababu hawakumsikia.

Nenda nawe ukainame, uangalie nyuma ya kabati.