Dawa ya Kuongeza Damu: Kwa Nini Humfaa Mmoja na Kumdhuru Mwingine

Mtoto anapochoka haraka na viganja vyake vikapauka, wazazi wengi hukimbilia duka la dawa kununua "dawa ya kuongeza damu". Mara nyingi dawa hiyo ni ya maji au tembe zenye madini ya chuma yaliyochanganywa na vitamini. Kwa mtoto aliyepungukiwa na chuma kutokana na lishe duni au minyoo, dawa hiyo humrudishia nguvu. Kwa mtoto aliyezaliwa na ugonjwa wa selimundu, huenda isimsaidie, na ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kumdhuru.

Tofauti hiyo inatokana na jeni, yaani maagizo ambayo kila mtu hurithi kutoka kwa baba na mama, na ambayo mwili huyafuata unapotengeneza damu na viungo vyake.

Foliki ndiyo, chuma mpaka upimwe

Seli nyekundu ya kawaida huishi takribani siku 120. Seli ya mgonjwa wa selimundu hujipinda kama mundu na huvunjika baada ya siku 10 hadi 20 hivi. Ili kuziba pengo, mwili hutengeneza seli mpya bila kupumzika, na kazi hiyo hula asidi ya foliki, mojawapo ya vitamini za kundi B, kwa wingi kuliko kawaida. Ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa tembe za foliki kila siku.

Chuma ni tofauti. Seli inapovunjika, sehemu kubwa ya chuma chake hubaki mwilini na kutumika tena. Mgonjwa akiongezewa damu hospitalini, kila painti humwongezea takribani miligramu 200 hadi 250 za chuma. Mwili hauna njia ya kujiondolea chuma kilichozidi, kwa hivyo hurundikana kwenye ini na moyo. Kwa sababu hiyo, mgonjwa wa selimundu hapewi chuma mpaka kipimo kionyeshe kwamba amepungukiwa nacho.

Kuna hatari nyingine: kupoteza wakati. Mtoto mwenye selimundu anayepauka ghafla na tumbo kuvimba upande wa kushoto, au anayepatwa na homa, anahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Kusubiri dawa ya dukani ifanye kazi kunaweza kugharimu maisha yake.

Vitamini C kupita kiasi

Wapo pia watu wanaorithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho hulinda seli nyekundu zisiharibiwe. Wavulana huathirika zaidi kuliko wasichana. Wengi wao huishi bila dalili yoyote, na machungwa, mapera au vidonge vya vitamini C vya kiwango cha kawaida kwa jumla haviwadhuru. Kiwango kikubwa mno, hasa kinachotiwa kwa dripu, kinaweza kuvunja seli zao kwa wingi. Dalili zake ni macho ya manjano na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi. Anayeziona aende hospitalini mara moja.

Kwa nini hali hizi zipo kwetu

Hali zote mbili hupatikana zaidi maeneo yenye historia ndefu ya malaria, zikiwemo kaunti za Pwani na za ukanda wa Ziwa Victoria. Anayerithi jeni moja tu ya selimundu kwa kawaida haugui, na jeni hiyo humpunguzia hatari ya malaria kali. Kwa vizazi vingi, watu wenye jeni hiyo walinusurika na kuirithisha watoto wao. Wenye jeni moja hutumia dawa za chuma kama watu wengine.

Ikiwa baba na mama wote wana jeni moja moja, katika kila ujauzito kuna uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mwenye ugonjwa. Si laana wala kosa la mzazi mmoja.

Mambo ya kuzingatia

Kupima wingi wa damu pekee hakutoshi, kwa kuwa kipimo hicho huonyesha tu kwamba damu imepungua, si sababu yake. Omba kipimo cha aina ya himoglobini, hasa ikiwa kuna selimundu katika ukoo au mtoto hulalamikia maumivu ya mifupa mara kwa mara.

Akina mama wajawazito wasiache tembe za chuma na foliki wanazopewa kliniki. Tembe hizo huwakinga wengi dhidi ya upungufu wa damu. Mwenye selimundu amweleze muuguzi mapema ili apangiwe dawa zinazomfaa.

Usimpe mtoto dawa iliyomsaidia mtoto wa jirani. Unapokwenda duka la dawa au hospitali, beba kitabu cha kliniki na utaje ugonjwa wowote wa damu unaojulikana katika familia. Mkazi asiyejua aanzie wapi anaweza kumuuliza mhamasishaji wa afya ya jamii kijijini mwake, au kufika katika kituo cha afya kilicho karibu.