Mchezo si Adui wa Kitabu

Mwezi uliopita nilimtembelea jamaa yangu, sajini wa polisi, katika kambi anamoishi hapa Uganda. Nilimkuta kijana wake wa darasa la saba ameinamia kitabu, huku wenzake wakipiga kelele uwanjani.

"Mpira nimeufungia kabatini, mwalimu," alisema sajini. "Hautatoka hadi mtihani upite."

Nilimwuliza kijana amesoma nini. Akanitazama, akautazama ukurasa, asijue la kujibu. Mama yake akaninong'oneza kwamba siku hizi halali vyema, na huwakasirikia wadogo zake bila sababu.

Ndugu wasomaji, sajini huyu anampenda mwanawe. Kosa lake ni lile la wazazi wengi, kudhani kwamba saa ya mchezo ni saa iliyoibwa kutoka katika masomo.

Mtoto akimbiapo, moyo hupiga kwa nguvu na damu hupeleka hewa safi kwenye ubongo. Mwili nao hutengeneza kemikali zisaidiazo chembe za ubongo kukua na kuungana, hasa katika sehemu itunzayo kumbukumbu. Wasiwasi hupungua, na usiku usingizi huja wenyewe.

Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio dogo. Watoto 20 wa umri wa miaka tisa hivi walitembezwa kwa haraka dakika 20, kisha wakapewa maswali. Walijibu vizuri zaidi, na kuelewa zaidi waliyoyasoma, kuliko siku waliyopumzika wamekaa. Mwaka 2014 yakatolewa matokeo ya jaribio jingine la watoto 221. Wale waliofanya mazoezi baada ya masomo kwa miezi tisa waliendelea zaidi ya wenzao katika kutuliza fikira kwenye kazi moja.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilipendekeza vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Havihitajiwi vifaa vya gharama. Kamba ya kuruka au mpira wa majani ya migomba watosha. Binti naye asisahauliwe. Kuchota maji na kufua si badala ya furaha ya kucheza na wenzake.

Kwenu askari nina neno moja zaidi. Mtoto akikosa, wengine humzungusha uwanja mbio au kumrusha kichura. Mtoto aliyezoezwa kwa adhabu huyachukia mazoezi, na huyakimbia apatapo uhuru wake. Heri baba avue buti, akimbie pamoja naye. Tusisahau kwamba John Akii-Bua, aliyeshinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia wakati ule, alikuwa askari polisi wa nchi hii. Mbio zile hazitaki miguu tu. Hutaka kichwa kinachopima kila hatua.

Hata hivyo, mazoezi si dawa ya kila ugonjwa. Kijana akihuzunika kwa majuma, akiacha kula, akijitenga na watu au akitaja kufa, asikemewe wala kuitwa mvivu. Apelekwe kwa mganga wa hospitali bila kukawia.

Jioni ile nilimwambia jamaa yangu, "Afande, hata askari wa zamu hupewa nafasi ya kupumzika." Alinyamaza kitambo, kisha akafungua kabati. Wakapatana: mpira saa moja, kuoga, kula, ndipo kitabu.

Mtihani bado, nami siwezi kutabiri alama za kijana. Lakini mama yake ameniarifu kwamba sasa analala, na kwamba akiulizwa alichosoma, hujibu.