Gesi Iliyojificha Njombe

Aliyegundua hitilafu ile hakuwa fundi. Alikuwa mlinzi wa usiku, mzee wa Kibena aliyevaa koti zito na kujitanda blanketi juu yake, jiko la mkaa miguuni. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Kamwene, mwanangu," akanisogezea kigoda. Nilipomweleza kwamba nimetoka Dar es Salaam kuja kutazama mashine ya chumba cha baridi, alitikisa kichwa.

"Ninyi mafundi huja mchana," alisema. "Mchana mashine hii haina neno. Ngoja saa nane ya usiku uisikie inavyokohoa."

Chumba chenyewe ni cha kuhifadhia parachichi. Aina ya Hass hutunzwa kwenye nyuzijoto 5 au 6 hivi. Ikizidi hapo tunda linaanza kuiva kabla ya safari, na meli ya kwenda Ulaya hutumia wiki kadhaa baharini. Mwenye mali alikuwa ameita mafundi mara mbili. Wote walikuja jua likiwa utosini, wakasema gesi imepungua, wakaongeza, wakalipwa. Wa pili alitafuta uvujaji hakuuona, akaishia kulilaumu dubwana la shaba lenye midomo mitatu lililo karibu na kondensa. Alishauri likatwe, mabomba yaunganishwe moja kwa moja. Hapo ndipo mwenye mali alipopata wasiwasi, akanipigia simu.

Nilimwomba asikubali likatwe kabla sijafika. Dubwana hilo ni valvu ya njia tatu, na kwa Njombe ndiyo roho ya mashine.

Mimi kazi hii nimejifunzia Pwani, kwenye majokofu ya samaki na mashine za barafu za Dar es Salaam. Kule adui ni joto. Miaka yote shida yangu ilikuwa kondensa iliyoziba vumbi na chumvi, feni iliyokufa, presha inayopanda mpaka mashine inajizima. Kwamba baridi ya nje nayo inaweza kuharibu kazi ya friji, jambo hilo nililifundishwa na nyanda za juu, na nilichelewa kulielewa. Kwa hiyo siwalaumu wenzangu waliotangulia. Wengi wetu tumefunzwa kwenye joto.

Friji haitengenezi baridi. Inachukua joto lililo ndani na kwenda kulimwaga nje. Kinacholibeba ni gesi inayozunguka ndani ya mabomba. Kompresa huibana mpaka inakuwa ya moto, kondensa iliyo nje huipooza mpaka inageuka kimiminika, kimiminika kinakusanyika kwenye tangi tunaloliita risiva, kisha kinasukumwa hadi kwenye tundu jembamba la valvu ya ekspansheni. Kikishapenya hapo kinachemka ndani ya koili ya chumbani, na katika kuchemka kinafyonza joto la matunda. Baada ya hapo kinarudi kwa kompresa kikiwa gesi, safari inaanza upya. Gesi hiyo hailiwi na mashine kama gari linavyokula mafuta. Kama mfumo hauvuji, iliyotiwa leo itakuwamo baada ya miaka kumi. Mteja akiambiwa kila msimu kwamba gesi imeisha, ana haki ya kuuliza imetokea wapi.

Sasa tazama kile kitendo cha kusukuma kimiminika kwenye tundu. Kinahitaji nguvu, na nguvu ni tofauti ya presha kati ya upande wa juu na upande wa chini. Dar, hewa ya nje ikiwa nyuzi 30 na zaidi, presha ya juu haikosekani. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni au Julai hewa inauma mpaka mifupani. Kondensa ikipigwa na hewa ya namna hiyo inapooza kupita kiasi. Presha ya juu inaanguka, kimiminika kinakosa msukumo, koili ya chumbani inabaki na njaa. Nje kuna baridi kali huku ndani chumba kinapanda joto. Mteja hawezi kuamini, na mimi mwanzoni sikuamini.

Valvu ya njia tatu imebuniwa kwa ajili ya saa hizo. Mdomo mmoja, wenye alama C, hupokea kimiminika kutoka kondensa. Wa pili, B, hupokea gesi ya moto moja kwa moja kutoka kompresa. Wa tatu, R, hupeleka kwenye risiva. Juu ya valvu kuna kichwa kilichofungiwa gesi yake yenyewe kiwandani, kwa presha maalumu. Ile ya Njombe, ya mfumo unaotumia gesi ya R404A, ilikuwa ya psi 180. Presha ya mashine ikiwa juu ya hapo, C imefunguka na B imefungwa, na valvu ni kama haipo. Ndiyo maana mchana haina neno. Presha ikianza kushuka chini ya 180, gesi ya kichwani inasukuma kiwambo, mlango wa C unabanwa, wa B unafunguka. Kimiminika kinakosa njia ya kutoka, kinarundikana ndani ya kondensa na kujaza mabomba yake. Sehemu ya kondensa iliyojaa kimiminika haipoozi gesi tena. Kwa maneno mengine, valvu imeipunguza kondensa ukubwa, bila mtu kugusa kitu. Wakati huohuo gesi ya moto inapita B kwenda kuitia risiva nguvu ya kusukuma. Presha inarudi. Nimeshika kazi hii muda mrefu na bado nikiifikiria akili iliyomo kwenye kipande hicho cha shaba kisicho na waya hata mmoja, nafurahi.

Lakini kondensa inajazwa na nini? Na gesi ileile iliyomo kwenye mfumo. Hapo ndipo wengi tunapoanguka.

Usiku ule nilifunga geji, nikaketi na mzee. Saa nne kipimajoto changu cha nje kilisoma nyuzi 12, mashine inaunguruma vizuri, kioo cha kuchungulia kimejaa kimiminika safi. Saa sita nyuzi 9, vipovu viwili vitatu vikaanza kupita. Saa nane kasoro nyuzi 6, kioo kimejaa povu kama sufuria ya maziwa inayotaka kufurika. Presha ya juu ilikuwa bado inang'ang'ania psi 170 na kitu, lakini ya chini ilishuka hatua kwa hatua, swichi ikakata, kompresa ikazima. Dakika chache baadaye ikawaka, ikanguruma kidogo, ikazima tena. Mzee hakusema kitu. Alinitazama tu.

Nikavua glovu, nikashika mabomba matatu ya ile valvu mojamoja. Mkono ni kipimo kizuri mno kwenye kazi hii, ila bomba la B liguse kwa haraka, linaunguza. B ilikuwa ya moto. R ilikuwa ya moto. C ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Kwa hiyo valvu ilikuwa hai, inafanya kile ilichoumbiwa. Kama kichwa chake kingekuwa kimevuja na kupoteza gesi, isingekuwa na nguvu ya kubana C. Kimiminika baridi kingepita tu kwenda R, na presha ya juu ingeanguka pamoja na hewa ya nje. Hapa kondensa ilikuwa inajazwa, na risiva imekauka. Gesi yote ilikuwa imejificha kwenye kondensa, na bomba la kwenda chumbani likawa linapata mvuke wa moto badala ya kimiminika.

Mafundi waliotangulia walijaza kwa kutazama kioo mchana. Mchana kondensa haihitaji akiba, kwa hiyo kioo kinang'aa mapema na fundi anafunga chupa yake kwa amani. Usiku kondensa inadai sehemu yake, na hakuna.

Kulipokucha niliivuta gesi yote kwenye chupa tupu kwa mashine ya kuvutia, nikaipima kwenye mizani. Kilo 11. Naomba hapa nikae kidogo. Kuna mazoea ya kufungua tu bomba na kuiachia gesi angani, na yananiumiza. Kilo moja ya R404A inaipasha dunia joto sawa na kilo 3,922 za hewa ya ukaa. Zidisha kwa 11. Nchi zilikutana Kigali Oktoba 2016 na kukubaliana kupunguza gesi za jamii hii hatua kwa hatua, lakini makubaliano hayo yanaishia mkononi mwa fundi aliye peke yake nyuma ya jengo, hakuna anayemwona, mwenye haraka ya kuwahi basi.

Baada ya hapo nikahesabu mabomba ya kondensa. Mistari 60, kila mmoja mita moja na nusu, jumla mita 90. Bomba la inchi 3/8 lina uwazi wa ndani wa milimita 8 hivi, na mita 100 za uwazi huo hubeba lita 5. Hizi zangu basi lita 4 na nusu, na lita moja ya kimiminika cha R404A ina uzito unaozidi kilo moja kidogo. Kwa baridi ya pale kondensa haijazwi yote. Nilikadiria zaidi ya nusu, nikaamua kuongeza kilo 3. Kabla ya kuongeza nikatazama kibao cha risiva: lita 20. Gesi yote, kilo 14, ni lita 13 na kitu, na risiva haifai kujazwa kupita asilimia 80, yaani lita 16. Inatosha. Kama risiva ingekuwa ndogo, akiba hiyo ingekosa pa kukaa mchana. Ingebaki kwenye kondensa, na presha ingepaa hadi mashine ijizime kwa sababu nyingine kabisa.

Kwa kuwa mfumo ulikuwa mtupu, niliujaza naitrojeni kwa presha ili nipime uvujaji. Ni naitrojeni, kamwe si oksijeni, maana oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Nilipaka sabuni kwenye kila kiungo. Hakikutoka kipovu. Nikavuta vakyumu mpaka chini ya maikroni 500, nikafunga, nikasubiri nione kama itapanda. Haikupanda. Ndipo nikajaza kilo 14 kwa mizani.

Jirani na chumba hicho, mita chache tu barabarani, palikuwa na chumba kingine chenye valvu ya aina hiyohiyo, na huko kosa lilikuwa la ufungaji. Bomba la kompresa lilichomelewa kwenye C, la kondensa kwenye B. Gesi ya moto ikawa inakwenda risiva moja kwa moja, kondensa imefungiwa nje, mashine inajikata kwa presha ya juu kila siku. Nilipoifungua nilikuta na la pili: ndani pamebabuka weusi. Shaba ikichomelewa huku ndani mna hewa hutoa magamba meusi, na magamba hayo hukwama kwenye kiti cha valvu ikashindwa kufunga. Wakati wa kuchomelea pitisha naitrojeni polepole ndani ya bomba, magamba hayatatokea. Mwili wa valvu uzungushie kitambaa kilicholowa maji chapachapa, ukiongeze maji kila kinapoanza kufuka, na mwali uuelekeze mbali na kichwa. Kichwa kikipata moto sana kiwambo cha ndani kinaharibika na gesi yake inapotea, nawe utakuwa umeiua valvu mpya siku ya kuifunga. Herufi zimegongwa kwenye shaba. Zisome kabla ya kuwasha moto, zisome tena.

Ziko valvu nyingine za njia tatu ambazo sikuzigusa safari hii. Zipo zinazopeleka joto la kompresa kwenye tangi la maji ya kuoshea vyombo badala ya kulitupa nje, na zipo zinazoyeyusha barafu kwenye koili kwa gesi ya moto. Hizo nyingi zina koili ya umeme, na dawa zake ni nyingine.

Usiku wa pili nilirudi kwenye kile kigoda. Saa nane kipimajoto kilisoma nyuzi 5, baridi kuliko jana yake. Kioo kilikuwa safi. Presha ya juu psi 180 na zaidi kidogo, nami nikakumbuka kwamba kwa urefu ule geji husoma kama psi 3 zaidi ya jedwali la usawa wa bahari. Nilishika mabomba: B moto, C baridi, R vuguvugu. Chumbani nyuzi 5 na nusu. Mzee alisogea karibu na mashine, akatega sikio muda mrefu kama daktari.

"Haikohoi," alisema.

Asubuhi, kabla ya kupanda basi, nilisafisha ubavu wa risiva kwa tambara na kuandika kwa kalamu ya rangi isiyofutika: R404A, KILO 14. PIMA KWA MIZANI. USIJAZE KWA KIOO MCHANA. Mzee aliniomba nimsomee. Nilimsomea mara mbili, naye akaahidi kumsomesha kila fundi atakayepita getini.